Kijiko kwa Kilo

Gunia lilipanda na lori la nyanya kutoka Kamanyola,
likashushwa Bagira usiku, bado linanuka joto la bonde.
Mlonge. Huku juu kwetu haukubali.
Nilipanda mara mbili ndani ya debe:
wa kwanza uliliwa na mvua,
wa pili niliufunika kila jioni kwa kitenge changu,
na bado ukafa ukiwa na urefu wa kidole.

Kwa hiyo nanunua.
Niliyatandaza majani juu ya mkeka, mvunguni,
mbali na jua, maana jua hunyonya rangi,
na rangi ndiyo niliyoilipia franka.
Siku tano tulilala juu ya msitu, mimi na Zihalirwa.
Siku ya sita nikatwanga.
Kinu kikawa kijani, kucha zikawa kijani,
hata chafya ya mtoto.

Kuku thelathini na sita, vyumba vitatu vya mbao za masanduku.
Wa kwanza niliwapa chakula cha siku zote:
mahindi, machicha ya kiwanda cha bia, vichwa vya sambaza.
Wa pili hicho hicho, na kijiko kimoja kwa kila kilo.
Wa tatu nilichota kwa kiganja.
Nani anapima baraka?

Mume wangu aliegemea mlango akacheka:
"Nabintu, umewageuza kuku mbuzi."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.

Daftari la Asifiwe, upande wa nyuma, baada ya jiografia:
wiki ya kwanza, hakuna.
Wiki ya pili, mvua, hakuna umeme, hakuna.
Wiki ya tatu, jogoo wa chumba cha pili amewika saa sita za usiku,
sijui kama ni majani.
Wiki ya tano, chumba cha tatu wanasusa,
uchungu umewashinda, mapaja yamekonda,
mayai kumi na tisa kwa siku saba.
Niliinama kwenye wavu nikawaomba radhi.
Kweli, kuku, nikawaomba radhi.
Chumba cha pili, hamsini na moja.
Chumba cha kwanza, arobaini na tisa.
Mawili tu! Jasho lote lile, mayai mawili,
na hayo huenda Asifiwe alikosea.

Nikatafuta mnunuzi wa gunia.

Lakini mama mkwe, M'Birindwa,
tangu tulipomtoa Kaziba hagusi mayai ya mjini.
"Maji yaliyovaa ganda," husema.
Jicho lake moja limekwisha funga duka,
la pili linafungua asubuhi tu.
Jumapili asubuhi nikamvunjia moja la chumba cha pili.
Kiini kilisimama kikaangoni, hakikutambaa,
hakikupauka kama kipande cha sabuni;
njano nzito, njano ya boga lililokatwa sasa hivi.
Akainamisha uso hadi mvuke ukamgusa kope.
Akanyamaza.
Kisha, kwa kimashi: "Nani ametoka nyumbani?"

Nilishindwa kumwambia ni kijiko.
Nikasema, ametoka mtu. Amefika jana. Anakusalimu.
Akala mawili. Akapangusa sahani kwa bugali,
akaniuliza habari za ng'ombe,
mmoja mmoja, kwa majina,
nami nikajibu wote ni wazima.

Kwenye daftari kuna safu ya mwisho, *Maelezo*,
ilikuwa tupu tangu mwanzo.
Nimeandika: Kijiko kimoja. Usizidishe.
Gunia siuzi.

Leo wanasema barabara ya bonde imefungwa,
hakuna ajuaye hadi lini,
na unga uliobaki unajaa kofia, basi.
Nimeanza kuutazama ua wa Mama Cizungu, mihogo yake.
"Nigawie sombe," nikamwambia. "Si ya chungu.
Ya kuanika. Sumu itoke kwanza."
Akanitazama kama anayenipima homa kwa macho.
Kisha akaingia ndani,
akarudi na panga.